Abee ya Upande wa Pili

Wakiimba watu watatu, zisikike sauti tatu. Hesabu hiyo haitaki shule, na Pascalia hakuwa na shule. Basi jioni ile, ndani ya kikanisa cha makuti pale Utange, aliposikia benchi la upande wa pili likimwitikia kwa sauti nne, ilhali waliokaa pale walikuwa watatu tu, alijua hapo hapo kuwa pana jambo. Hakusema kitu. Hata wewe usingesema, usijitie ushujaa.

Ilikuwa miaka ya vita, serikali imekataza taa usiku pwani nzima, isije meli ya adui ikaona pa kupigia. Randu, mume wa Pascalia, alikuwa amechukuliwa jeshini, yuko Burma, na Burma yenyewe hakuna aliyeijua iko wapi. Nyumbani alibaki Pascalia na binti yao Sidi, mtoto mwepesi wa miguu na wa mdomo. Mdomo huo ulikuwa na kidonda pembeni, kisichopona, maana Sidi alikuwa na tabia ya kupasua korosho mbichi kwa meno, na mafuta ya korosho mbichi huchoma.

"Nilikukanya, sikukukanya?"

"Ulinikanya, mama. Nimekoma."

Kesho yake yuko chini ya mkorosho tena.

Kwa jambo moja tu Sidi hakuwa mkaidi. Pascalia alikuwa Mgiriama, lakini alilelewa na Waswahili wa Kisauni, na huko alifundishwa kwamba mtoto wa kike akiitwa huitika "Abee!" kisha huja. Haulizi kuna nini, hanung'uniki akiwa huko huko aliko. Adabu hiyo alimtia mwanawe kwa maneno na kwa kofi, na Sidi hata akiwa usingizini ukimwita huitika.

Hapo misheni alikuwapo Bruda Klementi, mtawa mzee wa Uswisi. Vita vilimkuta akingoja meli ya kumrudisha kwao, na meli haikuja. Katika nyumba ya watawa alikokulia, kila jioni waliimba Kompletorio, sala ya Kilatini ya kufunga siku, bila kitabu na bila taa. Mabenchi mawili hutazamana. Benchi hili likiimba mstari, lile huitikia mstari unaofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Bruda alitaka aisikie tena kabla hajafa, akatangaza kwamba atafundisha anayetaka.

"Wanaume," akasema katekista Mramba, aliyekuwa na ufunguo wa kanisa na hakumwachia mtu akausahau. "Kilatini hakiwafai wanawake. Ndimi zao zimezoea umbeya."

"Na wako umezoea pombe ya mnazi," Pascalia akamjibu mbele ya watu, "mbona unaruhusiwa?"

Kesho yake alikuwa benchi la mbele, Sidi ubavuni.

Kilatini kiliwatesa, tusidanganyane. Lugha gani hii inayofunga maneno kwa midomo iliyobanwa! Bruda akisema *noktem*, wao husema nokitemu, naye mzee hucheka mpaka kikohozi kimshike, kisha huanza upya. Aliwafundisha pia kwamba katikati ya kila mstari hunyamazwa kidogo, watu wote wavute pumzi pamoja. "Hapo," akasema, "Mungu naye apate nafasi."

Siku ya kwanza kabisa ndipo kosa lilipofanyika. Sala huanza kwa mmoja kuomba baraka: *Yube, domne*. Bruda akasimama, akafumba macho, akaimba kwa sauti ndefu, "Yuuu-be!" Na Pascalia, mtu mwenye adabu zake, akadhani ameitwa, akainuka na kujibu kwa nguvu:

"Abee!"

Kanisa zima lilikufa kwa kicheko. Mramba alicheka akishika ubavu. Pascalia mwenyewe akacheka, akaketi. Ila alipoitika alikuwa ameelekea benchi la upande wa pili, nalo siku ile lilikuwa tupu. Hapo hakuna aliyejali.

Siku chache baadaye ndipo ikasikika ile sauti ya nne. Ilikuwa nyembamba, haikuwa ya kiume wala ya kike, na maneno iliyapatia kuliko wote: haikusema nokitemu. Pamoja nayo ilikuja harufu, kama ubani uliomwagiwa maji. Ilipofika mwisho, kabla tu ya Amina ya kufunga, sauti ilikatika, na makuti ya juu yakalia kana kwamba kuna mtu anapita.

"Mmesikia?" Bruda akasema kwa furaha, machozi yakimlenga. "Malaika wamekuja kutusaidia!"

Mramba alijifuta uso. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi lile, na jasho lilikuwa likimtoka.

Pascalia alimsimulia jirani yake Mwanasaumu, muuza mahamri, Mwislamu wa watu wa pale pale tangu mababu. Mwanasaumu akaacha kukanda unga.

"Pale mlipojenga pana wenyewe, Mama Sidi. Wazee wetu hawakupalima, hawakupafugia. Wazungu wakaambiwa, wakasema ni ushirikina. Haya, na wewe ukaenda ukaliitikia jini hilo?"

"Sikuitwa mie! Nilidhani tu."

"Bahati yako, hukuitwa kwa jina. Umelionjesha tu sauti yako, hukulikabidhi. Sasa nisikize, shoga. Ukisikia mtu yuwakuita na humwoni, usiitike. Mara ya kwanza nyamaza, mara ya pili nyamaza. Mtu wa kweli hachoki, ataita hata mara ya tatu. Lile halina subira. Na umwambie mtoto!"

"Nitamwambia," Pascalia akasema.

Akasahau. Palikuwa na kuni, palikuwa na maji, palikuwa na muhogo wa kumenya, na kumwambia mtoto kukaachwa mpaka kesho.

Na magharibi ya siku hiyo hiyo, Pascalia na Mwanasaumu wakiwa jikoni wanapuliza moto, walisikia sauti kutoka upande wa kanisa, juu ya mikorosho, ikiita. Ilikuwa sauti ya Pascalia. Ile ile, na mkazo wake wa ukali, na kule kuivuta herufi ya mwisho:

"Sidiii!"

Pascalia aliyekuwa jikoni alijisikia akiita kutoka nje. Akafungua kinywa apige kelele kwamba usiitike mwanangu, usiitike. Lakini mtoto alilelewa vizuri mno.

"Abee, ma—"

Ikakatika hapo. Walipomfikia alikuwa amesimama na mzigo wa kuni kichwani, macho yamemtoka, mdomo ukienda, na hakuna kilichotoka, hata pumzi ya kulia haikuwa na mlio.

Kesho yake jioni upande wa pili uliimba kwa sauti ya Sidi.

Pascalia alikuwa amemleta mtoto pale kwa Bruda amwombee, yuko mapajani mwake, bubu, na ng'ambo ile, kwenye kona ya benchi ambako hapakuwa na mtu, Sidi akawa anaimba Kilatini vizuri, bila kosa, na baina ya mistari, pale pa kunyamaza, akawa anacheka kile kicheko chake cha kuficha korosho. Mramba aliruka dirishani. Mlango ulikuwa wazi, lakini aliruka dirishani, na waliokaa naye wakamfuata. Bruda aliinuka ashike msalaba, akaanguka, wakambeba hadi kitandani kwake, na tangu hapo hakuamka tena vizuri.

Mramba alirudi asubuhi na kufuli jipya. "Tunafunga. Tutafute mganga, atie moto, makuti yote yaungue."

"Sauti ya mwanangu imo humo ndani," Pascalia akasema. "Wewe funga, nami nitakufungia humo humo."

Alilisema hilo kwa utulivu, na Mramba akaliacha kufuli mezani.

Mwanasaumu, kwa upande wake, alimwendea Maalim Mwidani wa Mkomani, mtu wa kuheshimiwa, aliyetoa majini makubwa kwa makubwa. Maalim akaja, akasimama nje ya kanisa, akasoma, akatega sikio, akatikisa kichwa.

"Bibi, nisikudanganye. Lingekaa mtini ningelitoa, lingekaa mwilini ningelitoa. Hili limekaa ndani ya maneno yenu, na maneno hayo siyajui. Mwenye maneno ndiye atakayelitoa."

Hata hela ya kahawa hakuchukua. Pascalia akaenda moja kwa moja kwa Bruda, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, Bruda. Niambie jambo moja. Kwa nini haliimbi Amina ya mwisho? Huimba yote, kisha hukimbia."

Mzee alijiinua kwa kiwiko. "Kwa sababu Amina ile inafunga kinywa," akasema kwa shida. "Ndiyo kanuni yetu. Ukiiitikia, husemi tena mpaka alfajiri. Hata nyumba ikiungua, unatoka kimya. Na alfajiri kinywa hakijifungui chenyewe. Kuna neno la kukifungua. *Domine, labia mea aperies*. Bwana, uifungue midomo yangu. Unaweka msalaba kwa kidole gumba juu ya mdomo, kisha ndipo unaimba."

"Na asiyewekewa msalaba?"

Bruda akamtazama. Aliuelewa ujanja wa mwanamke huyu, akajaribu kutabasamu. "Huyo atangoja," akasema.

"Hilo neno la alfajiri nifundishe sasa hivi."

"Pascalia, mwanangu. Mimi nililiita malaika. Nisamehe."

"Nitakusamehe kesho," akasema. "Nifundishe."

Jioni ilipoingia alivaa kanga zake, akamshika Sidi mkono. Mwanasaumu akawafuata na jamvi lake la kuswalia begani.

"Siingii kanisani mie, na mlangoni sitoki," akasema. "Nikiona kuna kitu kibaya nitakuita. Usinijibu kwa kinywa, gonga ukuta. Majini hawana vifundo vya vidole."

"Umejuaje?"

"Sijui. Lakini yafaa iwe hivyo."

Wakacheka wawili wale, kicheko cha kutetemeka, kisha Pascalia akaingia na mwanawe, wakaketi benchi lao. Giza lilikuwa limejaa ndani kama maji mtungini. Aliimba *Yube, domne* peke yake, na sauti yake ilitoka mbaya, ikakwaruza, ila ilitoka. Akaimba mstari wa kwanza. Ng'ambo, sauti ya Sidi ikaitikia.

Mkono wa Sidi mwenyewe ulikuwa ndani ya mkono wake, umelowa jasho. Pascalia akaimba mstari wa pili, na wa tatu, na kila alipofika pale pa kunyamaza alisikia kitu kikivuta pumzi pamoja naye, si ng'ambo tena, bali katikati ya chumba, halafu karibu zaidi, na ile harufu ya ubani uliolowa ikamjaa puani na kooni, na sauti ya mwanawe ikaacha Kilatini ikaanza kumwomba, mama mbona umeniacha huku, mama huku kuna baridi, mama niitie baba, na yeye hakujibu hata neno moja, akaendelea na mistari yake kama mtu anayetwanga, nokitemu kwa nokitemu, makosa yake yote akayaimba kwa nguvu zaidi, huku machozi yakimshuka, huku moyoni akisema piga kelele unavyotaka, mwizi wee, nilizaa mie, hukuzaa wewe.

Sala ikafika ukingoni. Ikabaki baraka ya mwisho na Amina yake. Makuti yalianza kulia juu, yule mwimbaji anataka kuondoka kama kawaida yake, na Pascalia, kwa ule ukali wake wa kila siku, wa kumtoa mtoto chini ya mkorosho, akaita:

"Sidiii!"

Mtoto aliye ubavuni mwake alishtuka, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Lakini sauti yake, popote ilipokuwa, ililelewa na mama huyu. Haikuweza kujizuia.

"Abee, mama!"

"Njoo."

Makuti yakatulia, na kitu kikashuka, hakikuwa na haraka, kikavuka sakafu ya udongo kikiburuta kama gunia lililolowa, kikaja kikaketi kwenye benchi upande wake wa pili, na benchi likapinda. Sasa Pascalia alikuwa katikati. Kulia kwake mwanawe, mwenye joto. Kushoto kwake baridi. Akaimba baraka ya mwisho, meno yakigongana, akaimaliza, akangoja. Hakuna kilichojibu. Lilijua.

"Itikia!" akafoka, vile mama anavyomfokea mtoto mbele ya wageni. "Nimekufunza nini? Itikia!"

"Amina," ikasema sauti ya Sidi.

"Amina," akasema Pascalia, akafunga mdomo.

Sitaeleza usiku ule wote, maana hata yeye hakuueleza wote. Kitu kile kilikuwa na hasira na hakikuwa na sauti. Kilimwekea mdomo sikioni, mdomo baridi uliofunguka na kufumba bila mlio, saa baada ya saa, kilimpapasa uso, kilimkalia magotini na uzito wa mtoto aliyekufa maji, na yeye akamkumbatia Sidi kulia kwake asimwachie. Mara moja ikasikika nje sauti ya Mwanasaumu, "Mama Sidi! U hai?" Pascalia akanyamaza. Mara ya pili, akanyamaza. Ya tatu, kwa kilio: "Mama Sidi, wallahi nakuja humo na Uislamu wangu!" Ndipo Pascalia akanyoosha mkono akagonga ukuta.

Adhana ya alfajiri ilisikika kwa mbali. Nje, Mwanasaumu akatandika jamvi. Ndani kulikuwa bado kweusi. Pascalia akainua kidole gumba atafute mdomo wa mwanawe, akagundua kwamba kulia kwake sasa kuna vichwa viwili. Kimojawapo kilikuwa kimejipenyeza usiku, kikajipasha joto kwenye mwili wake. Vyote viwili vilikuwa na nywele zilizosukwa. Vyote vilikuwa na joto. Midomo miwili ikanyanyuka kukipokea kidole chake, na kila mmoja ulikuwa mdogo na laini.

Aligusa wa kwanza. Laini, mzima, hauna hata ufa.

Aligusa wa pili. Pembeni pakakwaruza: kigaga cha korosho.

Ewe mtoto usiyesikia! Hapo Pascalia angeweza kucheka, angeweza kuibusu mikorosho yote ya Utange. Akaweka msalaba juu ya mdomo wake mwenyewe, kisha juu ya kigaga kile, na kuimba, kwa sauti ya kukwaruza ya mtu aliyekesha, *Domine, labia mea aperies*. Ule mdomo mwingine ulijisukuma mbele, ukang'ang'ania mkono wake, ukanyonya kidole chake kwa nguvu mpaka ukucha ukauma.

"Wewe, hapana," akasema. "Wewe ngoja."

Akakivuta kidole, akambeba mwanawe, akatoka nje. Mwanasaumu alikuwa ametoa salamu za kumaliza swala, akaruka kutoka kwenye jamvi.

"Kapona? Hebu mwite, tumsikie!"

Pascalia aliogopa kuliko usiku wote. Akamweka mtoto chini, akarudi nyuma hatua kidogo, akaita kwa sauti ndogo, "Sidi."

Sidi alimtazama. Akagusa kigaga chake. Akameza mate.

"Si mie huyu hapa?" akasema kwa ukali. "Waniitia nini, na waniona?"

Kofi la adabu Pascalia alilisahau. Alikaa chini kwenye umande akalia kwa kelele, Mwanasaumu akalia naye, mtoto akawashangaa.

Tangu siku hiyo Sidi hakuitika abee tena, si kwa mama, si kwa padre, si kwa mumewe alipoolewa. Ukimwita hutokeza uso kwanza akuone, kisha huuliza, "Nini?" Watu walisema kakosa malezi. Pascalia aliwaacha waseme.

Bruda Klementi alifariki mwezi huo, akiwa amesamehewa. Kompletorio haikuachwa, maana Pascalia alikataa iachwe, na Mramba aliporudi kujifunza upya, ni Pascalia aliyemfundisha. Jioni hukaa mabenchi yote mawili, ila mwisho wa benchi alilokesha Pascalia hawakai watu, na ubao wake pale umepinda, daima una unyevu. Na alfajiri, Pascalia anapoingia kufungua sala, husikia pale mwisho midomo ikigusana na kuachana, taratibu, kwa subira ambayo Mwanasaumu alisema lile halina. Yeye huweka kidole gumba juu ya mdomo wake mwenyewe, huimba neno lake, kisha huligeukia benchi.

"Na leo pia," husema, "hapana."